Macho Mengi ya Ndege ya Kivita: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Vihisi na Mifumo ya Kulenga

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ndege ya kivita ya leo ina macho mengi, na bado kila jicho lazima liambiwe litazame wapi, litafute nini na lipuuze nini. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa fundi wa elektroniki za ndege, nikaanzia kwenye karakana ya ndege za abiria Nairobi na kumalizia Ghuba. Rada niliyoifungua na kuifunga kwa mikono yangu ni ya hali ya hewa, ile inayokaa kwenye pua ya ndege ya abiria kumwonyesha rubani mvua iko wapi. Ndege za kivita nimezifuata kwa njia nyingine: vitabu, Maonyesho ya Ndege ya Dubai yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, na mazungumzo marefu na mafundi wastaafu wa majeshi, ambao hawakunipa siri wala sikuwaomba. Haya ndiyo niliyobaki nayo. Karibu yote yanaelekea jambo moja: kugundua kwamba kuna kitu angani ni kazi ambayo wahandisi wameimudu vizuri, lakini kujua kitu hicho ni nani bado kunawatoa jasho.

1. Rada haina picha, ina saa

Vijana niliowafundisha kazi walikuwa wakifika wakiamini kwamba rada ni kamera ya kuona mbali. Niliwaanzishia na hesabu. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Rada ikituma pigo la mawimbi na mwangwi ukarudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kitu kilichourudisha kiko umbali wa mita 150. Ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu, kiko kilomita 150. Picha haipo. Kilichopo ni saa sahihi mno, antena inayojua imeelekea wapi, na kipokezi chenye masikio makali.

Rada yetu ya mvua na rada nyingi za ndege za kivita hutumia mawimbi ya aina moja, ya karibu gigahezi 10, yenye urefu wa kama sentimita 3. Sababu ni ileile: mawimbi mafupi namna hiyo yanaweza kukusanywa yakawa mwale mwembamba kwa kutumia antena ndogo, na kwenye pua ya ndege hakuna nafasi ya antena kubwa. Tofauti iko kwenye amri zilizopewa kompyuta. Yetu ilitafuta matone ya mvua. Ya kivita hutafuta chuma na kuitupa mvua. Kile ambacho kwetu kilikuwa habari, kwao ni takataka. Tangu hapo, nikisoma kuhusu kihisi chochote, swali langu la kwanza ni hili: kimeamriwa kitupe nini?

2. Kutazama chini ni kazi ngumu kuliko kutazama mbali

Kwa miaka mingi rubani aliyetaka kuikwepa rada ya ndege nyingine aliruka chini karibu na miti. Rada ya juu ilipotazama chini ilipokea mwangwi wa ndege pamoja na mwangwi wa ardhi nzima, na ardhi ni kubwa kuliko ndege. Ufumbuzi ulipatikana kwenye kasi. Kitu kinachokujia hubadilisha kidogo masafa ya mawimbi yanayorudi. Kwa rada ya gigahezi 10, ndege inayokukaribia kwa mita 300 kwa sekunde hubadilisha masafa hayo kwa hezi 20,000 hivi, katika mawimbi yanayotetema mara bilioni 10 kwa sekunde. Ni badiliko la sehemu mbili kwa milioni. Ukiweza kulipima, unaweza kuitenga ndege na shamba lililo chini yake. Ndege za Marekani za miaka ya 1970, F-14 na F-15, zilijengwa juu ya uwezo huo, na Wasovieti wakajibu kwa MiG-31.

Lakini kila ufumbuzi una kichochoro chake. Rada inayotupa kila kitu chenye kasi sawa na ya ardhi itaitupa pia ndege inayokata ubavu, isiyosogea karibu wala kwenda mbali. Marubani wanajua hili na hufundishwa kugeuza ndege ili wajifiche ndani ya kile ambacho rada imeamriwa kukipuuza.

Tena kuna mvutano wa hesabu. Ukituma mapigo 1,000 kwa sekunde, unaweza kupima umbali wa hadi kilomita 150 bila kuchanganya mwangwi wa pigo moja na wa jingine. Ukituma 10,000, mpaka huo unashuka hadi kilomita 15. Ila kasi hupimwa vizuri zaidi mapigo yakiwa mengi. Kwa hiyo rada ya kivita hubadilisha mwendo wa mapigo bila kukoma, inapoteza hapa ili ipate pale, na kompyuta inapatanisha majibu.

3. Umbali ulioandikwa kwenye brosha haujasema kitu

Kwenye vibanda vya maonyesho utapewa karatasi nzuri inayosema rada fulani inaona kilomita kadhaa. Ukubwa wa shabaha iliyotumika mara nyingi hautajwi, na bila huo namba ile haina maana.

Nguvu ya mwangwi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Mawimbi hufifia yakienda na kufifia tena yakirudi. Ukitaka kuona mbali mara mbili kwa kuongeza nguvu peke yake, unahitaji nguvu mara 16. Sheria hiyohiyo ndiyo inayowatesa wajenzi wa ndege zisizoonekana kirahisi kwenye rada. Ukipunguza mwangwi wa ndege mara 16, adui atakuona kwenye nusu ya umbali wa zamani, basi. Ili umpunguzie hadi sehemu moja ya kumi, lazima upunguze mwangwi mara 10,000. Chukua mfano wa rada inayoiona ndege ya kawaida kwa kilomita 160: ndege iliyopunguziwa mwangwi kiasi hicho itaonekana kwa kilomita 16. Haikutoweka. Imenunua muda, na kwa rubani muda ndio kila kitu.

Hesabu za kupunguza mwangwi zina historia ya ajabu. Mwanafizikia Msovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha mwaka 1962 kazi kuhusu namna mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Kwao haikuonekana kuwa siri kubwa. Wamarekani waliitafsiri, na miaka ya 1970 wahandisi wa Lockheed wakaitumia kukokotoa umbo la ndege iliyokuja kuwa F-117, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1981.

4. Anayewasha rada anajitangaza

Hili lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu katika ndege za abiria rada huwashwa bila wasiwasi wowote. Vitani, mwangwi unaorudi kwako umesafiri njia mbili, lakini mawimbi yanayomfikia adui yamesafiri njia moja tu. Kwa hiyo kipokezi kilicho ndani ya ndege yake kinaweza kukusikia mapema sana kabla rada yako haijamwona. Ndege karibu zote za kivita zina kifaa hicho cha onyo, kinachomwambia rubani ni rada ya aina gani inayomulika, iko upande gani, na kama inatafuta tu au tayari imemshikilia.

Ndiyo maana rada mpya za antena isiyozunguka, zilizoundwa kwa vipande vidogo zaidi ya 1,000, kila kimoja kikituma na kupokea chenyewe, zimewavutia wengi. Mwale wake huelekezwa kwa umeme, unaruka kutoka pembe moja ya anga hadi nyingine papo hapo, unabadilisha masafa kila mara, na kwa hiyo ni mgumu kutambulika. Fundi huzipenda kwa sababu nyingine: vipande vichache vikifa, rada inaendelea kufanya kazi, wakati antena ya zamani ya kuzunguka ikikwama mota moja ndege inalala chini.

Lakini hata teknolojia kuukuu huweza kunufaika na kanuni hii. Tarehe 27 Machi 1999, NATO ilipokuwa ikiishambulia Yugoslavia, kikosi cha Yugoslavia kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliitungua F-117 kwa mfumo wa S-125, silaha iliyobuniwa zamani kabla ndege hiyo haijachorwa. Nidhamu ya kikosi hicho ilikuwa kuwasha rada ya kulenga kwa sekunde chache tu na kuhama, huku rada yao ya upekuzi ikitumia mawimbi marefu ambayo umbo la ndege ile halikuyadanganya vizuri. Aliyejua lini azime alimpata aliyeaminiwa kuwa haonekani.

5. Joto linasema mwelekeo, halisemi umbali

Kama kuwasha rada ni kujitangaza, basi tafuta kitu kinachotazama bila kutoa sauti. Ukiikaribia Su-30MK2, ndege ambayo Uganda ilinunua sita na kuzipokea mwaka 2011 na 2012, utaona mbele ya kioo cha rubani kitufe cha kioo cha mviringo. Hicho ni kihisi cha joto. Typhoon za Oman zinatoka kwenye familia iliyobuniwa na kihisi kama hicho, kiitwacho PIRATE, na Rafale ya Ufaransa nayo ilibuniwa na chake. Hakitumi chochote. Kinapokea mionzi ya joto inayotoka kwenye injini, kwenye moshi wake, na kwenye ngozi ya ndege iliyopashwa na msuguano wa hewa.

Kila kitu chenye joto hung'aa kwa mwanga tusiouona. Kitu chenye joto la kawaida la mazingira hung'aa zaidi kwenye mawimbi ya karibu maikromita 10, na kadiri kinavyopata moto mawimbi hayo yanavyofupika. Hewa hupitisha mionzi hiyo kwenye madirisha mawili hasa, kati ya maikromita 3 na 5, na kati ya 8 na 12. Nje ya hapo mvuke wa maji na hewa ya ukaa humeza karibu yote. Mtu aliyeishi Mombasa au Muscat anajua hewa ya pwani ilivyo nzito mwezi wa joto. Unyevu huohuo unaonata kwenye shati hukata uwezo wa kihisi cha joto, na wingu zito huufuta kabisa. Juu kwenye hewa kavu na baridi ndiko kinakong'ara.

Udhaifu wake mkubwa ni umbali. Nukta ya joto inaweza kuwa injini kubwa iliyo mbali au ndogo iliyo karibu. Ili kujua, rubani hugeuza ndege yake kidogo na kompyuta ikapima jinsi pembe inavyobadilika, au ndege mbili hulinganisha mielekeo, au anapiga leza kupima, na leza hiyo nayo inaweza kugunduliwa. Ukimya una gharama yake.

6. Shingo ya rubani imekuwa sehemu ya silaha

Zamani rubani alielekeza pua ya ndege kwa adui ndipo afyatue. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, jeshi lake la anga lilirithi ndege 24 za MiG-29 za upande wa Mashariki, zikiwa na kofia yenye kilengeo na kombora la R-73. Marubani wa Magharibi waliofanya mazoezi dhidi yake walishtuka: mwenzao aligeuza kichwa tu, akatazama, na kombora likaangalia alikoangalia. Wamarekani walipata jibu kamili miaka ya mwanzo ya 2000.

Katika F-35 jambo hili limefika mbali zaidi. Kamera sita za joto zilizotawanywa mwilini mwa ndege hutengeneza picha ya pande zote, na rubani akiinamisha kichwa huona ardhi kana kwamba sakafu haipo. Matoleo ya mwanzo ya kofia hiyo yalisumbua: picha ilitetemeka, ilichelewa nyuma ya kichwa, na usiku mwanga wake wa kijani ulimkera rubani. Ilihitaji miaka ya kurekebisha. Hapo ndipo nilipoheshimu ucheleweshaji kama adui. Picha nzuri iliyochelewa kidogo ni habari ya kitu ambacho kimeshahama.

7. Milimita karakanani ni mita kwenye shabaha

Hili ndilo funzo la mafundi, na ndilo ambalo waandishi wa magazeti huliruka. Kihisi kinaweza kuwa bora duniani, lakini kikifungwa kikiwa kimepinda, kitatoa majibu sahihi ya mahali pasipo. Chukua kifaa chenye urefu wa mita moja. Ncha yake moja ikikaa nje ya mstari kwa milimita moja, kwenye umbali wa kilomita 10 kosa hilo limekuwa mita 10. Nyumba ya jirani.

Kwa hiyo karakana za kivita hutumia muda mwingi kulinganisha mistari: rada na mwili wa ndege, kofia na kiti, podi ya kulengea na bawa. Podi zinazoning'inia chini ya ndege, kama Litening na Sniper, zina mtihani wa ziada kwa sababu chuma kinachozibeba hupinda na kutetemeka ndege ikikata kona. Kioo na kamera ndani yake lazima vitulizwe ili vibaki vimetazama sehemu moja wakati kila kitu kingine kinatikisika.

Kwenye ndege za abiria tulikutana na jamaa ya tatizo hili. Rubani analalamika kwamba upande mmoja wa skrini ya mvua umefifia, unabadilisha antena, unabadilisha kipokezi, hali ni ileile. Kisha unakuta maji yameingia kati ya tabaka za gamba la pua, au mtu amelipaka rangi nzito kupita kiasi. Mawimbi yanapita kwenye gamba hilo kila yanapotoka na kila yanaporudi. Tangu hapo nikimsikia mtu akisifu rada bila kulitaja gamba linaloifunika, najua hajawahi kushika bisibisi.

8. Leza ilimaliza ubishi wa kupiga

Daraja la Thanh Hoa huko Vietnam Kaskazini lilishambuliwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1965. Marekani ilirudi tena na tena, safari za mashambulizi zikafika mamia, ndege zikaanguka, na daraja likabaki limesimama likiwa na makovu. Tarehe 13 Mei 1972 ndege za F-4 Phantom zikaja na mabomu yanayoongozwa kwa leza, na daraja likaanguka.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Ndege moja humulika shabaha kwa leza isiyoonekana kwa macho, kwa kawaida yenye mawimbi ya maikromita 1.064. Mwanga hutawanyika kutoka kwenye shabaha, na kichwa cha bomu hutafuta nukta hiyo na kugeuza mapezi kuifuata. Mapigo ya leza hutumwa kwa msimbo, ili bomu lifuate nukta ya mwenyewe hata kama wengine wanamulika karibu. Ugumu uko kwenye hali ya hewa na subira: moshi, vumbi au wingu likikatiza mwale, bomu limepoteza njia, na mmulikaji lazima aendelee kutazama hadi dakika ya mwisho, akiwa ndani ya eneo la hatari.

Ndiyo sababu mabomu yanayoongozwa kwa satelaiti, yaliyoingia vitani mwaka 1999 kwenye mashambulizi ya NATO dhidi ya Yugoslavia, yalipokelewa kwa furaha. Hayajali wingu. Yanahitaji namba za mahali tu. Uzito wa kazi nzima ukahamia kwa anayeandika namba hizo.

9. Vihisi vinavyokubaliana huenda vimesimuliwa na mmoja

Ndege za leo hazimwachii rubani achague kati ya skrini ya rada, skrini ya joto na kelele za kifaa cha onyo. Kompyuta huunganisha yote kuwa alama moja kwenye ramani moja, na ndege hupeana alama hizo kwa redio. Wasweden walikuwa na mawasiliano ya data kwa ndege zao tangu enzi ya ndege yao ya Draken. MiG-31 zilijengwa ili ndege nne ziweze kupeana picha na kupekua anga pana kwa pamoja. Nchi za NATO hutumia mtandao uitwao Link 16. F-35 imefanya uunganishaji huo kuwa kiini cha ndege yenyewe.

Mtego wake unafanana na ule wa mahakamani. Kadhi akiletewa mashahidi wawili, kisha ikabainika kwamba wa pili alisimuliwa na wa kwanza, ana shahidi mmoja. Kwenye mtandao wa ndege, taarifa ya rada moja inaweza kuzunguka kwa wenzake na kurudi ikiwa imevaa sura ya uthibitisho mpya. Mifumo mizuri hubeba pamoja na kila alama asili yake, saa yake na ukubwa wa kosa lake. Rubani akiona alama safi bila kujua imezaliwa na nini, amepewa uhakika ambao hakuna aliyeufanyia kazi.

10. Kunyamaza kwa kifaa hakumfanyi mtu kuwa adui

Tangu Vita vya Pili vya Dunia ndege zimebeba kifaa cha kujitambulisha: mwenzako anakuuliza kwa redio, kifaa chako kinajibu kwa msimbo. Jibu sahihi ni ushahidi kwamba wewe ni rafiki. Kukosekana kwa jibu ni ushahidi wa nini? Kifaa kimeharibika, msimbo ni wa jana, kimezimwa, au kweli ni adui. Wahandisi wamejaribu njia nyingine. Vitani Vietnam Wamarekani walikuwa na kifaa kilichouliza vifaa vya utambulisho vya MiG zenyewe, navyo vikajibu. Rada za baadaye ziliweza kusoma alama ya mapanga ya injini yanayozunguka ndani ya mwangwi na kukisia aina ya ndege.

Bado haikutosha tarehe 14 Aprili 1994. Juu ya Irak kaskazini, ndege mbili za Marekani za F-15 zilizitungua helikopta mbili za Black Hawk za jeshi la Marekani. Watu 26 wa mataifa kadhaa walikufa. Helikopta zilikuwa zikitumia msimbo usio wa eneo hilo, utambulisho wa kielektroniki haukufaulu, na marubani walipopita karibu kutazama kwa macho walidhani wanaona helikopta za Kisovieti aina ya Hind. Ndege ya kuongoza anga, iliyojaa rada na wataalamu, ilikuwa kazini wakati huohuo na haikuzuia.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi kuliko jingine lolote. Rada zilifanya kazi, na makombora yalikwenda yalikotumwa. Kilichokosekana ni jina, na kila aliyehusika alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwingine ndiye mwenye jina.

11. Silaha inaweza kupiga palepale na bado ikawa kosa

Tarehe 7 Mei 1999 ndege ya B-2 ilidondosha mabomu matano ya satelaiti mjini Belgrade. Yalipiga jengo lililoandikwa kwenye kompyuta zake. Jengo hilo lilikuwa ubalozi wa China, na waandishi wa habari watatu wa Kichina waliuawa. Maelezo ya Marekani yalikuwa kwamba shabaha iliyokusudiwa ni ofisi ya ununuzi wa vifaa vya jeshi iliyokuwa karibu, kwamba mahali pake palikadiriwa kwa njia isiyofaa, na kwamba orodha zilizopaswa kuonya hazikuwa na anwani mpya ya ubalozi. China haikuyakubali maelezo hayo. Kwa fundi, tukio lina somo moja: mfumo ulitekeleza kila hatua yake kwa ukamilifu, na ukamilifu huo ndio uliolifikisha kosa hadi mlangoni.

Sasa nikipita kwenye vibanda vya maonyesho huwa na maswali matatu kwa muuzaji. Umbali huo ni kwa shabaha yenye ukubwa gani? Kikiwashwa, nani mwingine atajua? Na kabla ya kufyatua, jina la kilicho mbele linatoka wapi, na nani alilihakiki mara ya mwisho? Mawili ya kwanza hujibiwa kwa namba, na muuzaji mzuri anazo. La tatu humfanya ageukie mwenzake.

Nchi inayonunua ndege hizi, iwe ya Afrika Mashariki au ya Ghuba, hulipa fedha nyingi kwa macho na kidogo kwa wale wanaohakiki majina: wachora ramani, watunza orodha, wakaguzi wa misimbo, maofisa wenye ruhusa ya kusema subiri. Kama ningeulizwa ushauri kabla ya mkataba kutiwa saini, ningesema waanze na watu hao. Ndege inaweza kufuata baadaye.